Hicho Si Kitunguu

Wilkister Ayuma hakuwa na subira na watu wanaokiita kitu kwa jina lisilo lake. Alifundisha baiolojia katika shule moja ya wasichana mjini Thika mpaka akastaafu, na digrii yake ya pili aliisomea jamii ya vitunguu: vya shambani, vya mwituni, na ile mimea mingine yote inayojipitisha kama vitunguu wakati sivyo. Huko Kiganjo alikoishi, watu walimjua. Mama mboga wa kona aliwahi kumwambia, "Chukua hivi vitunguu vya majani, mwalimu," huku ameshika liki mkononi. Alifundishwa palepale kibandani, wateja wengine wakisubiri.

"Jani la liki ni bapa, limekunjika katikati kama kitabu. Jani la kitunguu ni kama mrija wa soda, ndani hakuna kitu. Macho unayo, vidole unavyo. Sasa unakosaje?"

Mama mboga alimuuzia liki akiiita liki, na tangu siku hiyo akawa anamwonea huruma binti wa mwalimu.

Binti huyo, Mitchell, aliuza katika duka la dawa mjini, na walikaa wawili tu tangu baba yake alipofariki. Hakuwa mtoto wa kushtuka haraka. Alizoea kuona wageni wakiondoka kwao wamenuna, na alizoea kumsikia mamake akisema, mlango haujafungwa vizuri, "Huyo naye alipitia shule gani?"

Gachanja aliingia katika maisha yao kupitia kanisani. Alikuwa mgane, mtu mzima mwenye kipara kinachong'aa na ploti ya nyumba za kupangisha kule Ruiru. Siku moja kanisa lilimwalika Wilkister azungumze kuhusu bustani za jikoni, naye akazungumza. Mwishoni alisema kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuona kitunguu mwitu cha kweli kimejiotea chenyewe upande huu, na kwamba kila anayedai amekiona hajui alichokiona. Watu wengi walisikia wametukanwa. Gachanja alisikia ameitwa.

Jumamosi iliyofuata alibisha hodi Kiganjo akiwa na koti lililopigwa pasi na gunia begani.

"Mwarimu Wirikista," alisema, r na l zikibadilishana viti kama kawaida ya watu wa kwao wakiingiwa na wasiwasi, "nimekuretea kitunguu cha mwitu."

Wilkister alimwangalia kwanza yeye, kisha gunia. Ndani mlikuwa na mmea wenye kichwa kikubwa kama cha mtoto mchanga, majani mapana yaliyopinda, na maua meupe yenye michirizi ya waridi, makubwa kama tarumbeta.

"Umetoa wapi?"

"Murera, nyuma ya shamba la binamu yangu. Ukiangalia chini ni kitunguu kabisa. Tazama maganda."

"Mzee Gachanja, hata tembo ana mkia, lakini hakuna anayemwita panya. Hili ni yungiyungi. Vunja jani unuse. Umesikia harufu ya kitunguu? Sasa shika ua. Unaona hiki kifuko cha mbegu kimekaa chini ya petali, nje kabisa? Kwa kitunguu, hiki kifuko kiko juu, kimekalia petali kama kikombe kwenye sahani. Hicho si kitunguu. Rudi nacho."

Alirudi nacho. Hakuonekana kuudhika. Alisema asante, akaweka gunia begani, akamwita mtu wa boda boda.

"Mum," Mitchell alisema kutoka jikoni, "huyo mzee hajaleta mmea. Huyo anakukatia, anakutaka."

"Anikatie na yungiyungi? Upuuzi."

Lakini Jumamosi nyingine alikuja tena, na safari hii alikuwa amejiandaa. Alisema alikuwa ameshuka mpaka kando ya Mto Ndarugu, akapanda mawe, akakwaruzwa na miiba, mpaka akaupata mmea wenyewe, na akaomba usikauke njiani. Ulikuwa na majani membamba na maua ya zambarau. Kabla hajaufikisha mezani, harufu ya kitunguu saumu ilikuwa imeshajaa sebuleni.

"Nusa!" Gachanja alisema, furaha imemjaa. "Leo utanusa nini useme?"

Wilkister hakunusa. Aliugeuza mmea, akakuna udongo wa mizizini kwa kucha. Ulikuwa mweusi, laini, umechanganywa na maganda ya mchele, na ulikuwa bado na umbo la mviringo la karatasi ya plastiki ya kuoteshea miche.

"Kando ya Ndarugu siku hizi kuna maganda ya mchele?"

Gachanja alikohoa.

"Huu mmea umetoka nasari, Mzee. Zile nasari za kuuza miche barabarani pale Ruiru. Wanawauzia watu waliojenga juzi, wanawaambia ukiupanda langoni nyoka hapiti. Wewe pia walikuambia habari ya nyoka?"

"Waliniambia," alikiri kwa sauti ya chini.

"Basi angalau kuna mtu amekudanganya kabla hujaja kunidanganya. Unanuka kama kitunguu saumu, ndiyo, lakini chini hakuna kichwa. Ni shina lililovimba tu. Na ua lake ni mrija wenye kitaji mdomoni. Kitunguu hakivai taji. Beba."

Mitchell alicheka mpaka akaficha uso kwenye friji. Gachanja alibeba.

Wilkister aliwaeleza walimu wenzake wa zamani kisa hicho kwa simu, mmoja baada ya mwingine, na kila mara aliongeza maganda ya mchele kidogo. Alimwita "Profesa wa Nasari". Hata hivyo, Jumamosi ilipokaribia alimtuma Mitchell anunue maziwa zaidi ya kawaida, na Mitchell alipouliza ya nini, aliambiwa anunue na aache maswali.

Mmea wa tatu ndio uliomtatiza Wilkister. Gachanja aliutoa mfukoni, umefungwa kwenye gazeti lenye unyevu. Alisema ulikuwa umejiotea kwenye ua wa nyumba zake za kupangisha, katikati ya mawe, na kwamba safari hii hakuna nasari, aulize wapangaji. Ulikuwa mdogo, wa majani membamba. Kichwa cha chini kilikuwa kidogo, cheupe, na kimezungukwa na vitoto vingi. Ua lilisimama kwenye bua moja lisilo na jani, na maua madogo meupe yote yalitoka sehemu moja juu, kama vyuma vya mwavuli. Chini yake kulikuwa na ngozi mbili kavu zilizokuwa zimeyafunika kabla hayajachanua.

Wilkister alichukua lenzi yake ya mkononi. Aliketi. Alitazama kifuko cha mbegu: kilikuwa juu. Alihesabu petali. Gachanja alisimama akimtazama kama mtu aliyepeleka gari kwa fundi.

"Keti basi," Wilkister alisema bila kuinua macho. "Mitchell, weka chai."

Alivunja jani, akalisugua viganjani, akanusa. Alivunja lingine. Akamwambia Mitchell anuse. Mitchell alisema linanuka kama nyasi.

"Nilijua," Wilkister alisema, ingawa hakuwa amejua. "Kitunguu bubu. Kila kitu kinafanana: mwavuli, kichwa, kifuko cha mbegu. Lakini hakina harufu, na petali zimeshikana kule chini. Hili ni gugu lililoletwa kutoka nje, huenda lilikuja na udongo wa maua. Hicho nacho si kitunguu." Kisha akaongeza, kwa sababu alikuwa mtu wa haki hata akiwa na dharau, "Lakini umekaribia."

Siku hiyo Gachanja alikunywa chai vikombe vingi. Wilkister alimwekea lenzi mkononi, akamwonyesha jinsi ya kuisogeza karibu na jicho, naye akaishika juu ya jicho alilolifumba. Aliporekebishwa, alitazama ndani ya ua kwa muda mrefu.

"Haiya," alisema. "Kumbe humu ndani kuna nyumba."

Wilkister alikaribia kutabasamu. Alimweleza jinsi ya kutofautisha, kuanzia harufu, kisha kichwa, kisha jani, kisha mpangilio wa maua, na mwisho pale kifuko cha mbegu kinapokaa. Alizungumza kama alivyokuwa akizungumza darasani siku zake nzuri, mikono ikienda. Gachanja aliitikia kwa kichwa. Halafu, kikombe kikiwa mdomoni, aliuliza swali ambalo baadaye alitamani angelimeza pamoja na chai.

"Lakini, mwalimu, kuna ubaya gani vyote vikiitwa vitunguu tu?"

Wilkister alichukua lenzi yake.

"Pale kanisani mna wazee wangapi wenye vipara?" Wilkister aliuliza. "Wote ningewaita Gachanja? Mke wako marehemu alikuwa akichukua yeyote mwenye kipara anayetoka ibadani anakwenda naye nyumbani? Nimekupa saa nzima ya maisha yangu, Mzee. Wasichana wa kidato cha kwanza, wenye njaa, saa ya mwisho kabla ya chakula, walikuwa wananielewa kuliko wewe."

Gachanja aliweka kikombe chini polepole. Alimtazama Mitchell, Mitchell akatazama dirisha. Kisha alikunja gugu lake kwenye gazeti, akashukuru kwa chai, akaondoka. Mitchell alisubiri lango lifungwe.

"Mum, hiyo ya mke wake hukufaa kusema."

"Nilitoa mfano."

"Si mfano. Ulimtusi."

Wilkister alijua Mitchell amesema kweli, na kwa sababu hiyo alimkaripia kuhusu vyombo.

Gachanja alirudi mara moja tu. Alikuwa na mmea wenye kichwa kikubwa sana na bua refu lililopanda juu kama fimbo ya askari, maua madogo ya kijani na meupe yamejipanga juu yake moja moja. Alikuwa ameuchimba kwa mikono mitupu, na mikono ilikuwa imevimba, myekundu, anajikuna mpaka viwiko. Hakusema kitu kuhusu vitunguu. Alisema tu, "Nimekuletea huu."

Wilkister aliona mikono ile, akaona ule mmea, na badala ya kumletea maji na sabuni alianza kucheka. Alicheka kwa sauti, mlangoni, jirani akisikia. Alisema maua ya kitunguu hayapandi ngazi, yanatoka pamoja; alisema maziwa ya mmea huu huwasha ngozi na kila mchunga mbuzi anajua hivyo; aliuliza kama wapangaji wake wanajua kodi yao inapokewa na mtu wa namna hii. Mitchell ndiye aliyetoka na beseni. Gachanja alinawa mikono, akakausha kwa kitambaa chake mwenyewe, akaubeba mmea wake akiwa ameukumbatia na gunia. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

"Amejua kiwango chake," Wilkister alisema, na maziwa yakaganda kwenye friji.

Baada ya mvua kuisha, kikundi cha akina mama wa kanisa kilikwenda kumtembelea Waithira, waliyemwita Mama Ngigi, kule Ngoingwa. Waithira alikuwa mjane pia, mshonaji wa mapazia, mwanamke mnene wa sauti ya taratibu ambaye Wilkister hakuwahi kumfikiria kwa zaidi ya dakika moja. Walipokuwa wakiingia langoni, mama mmoja alimnong'oneza mwingine kwamba Waithira na Gachanja wamekwenda kuonana na mchungaji, na kwamba harusi itakuwa kabla ya Desemba. Wilkister alisikia. Alitembea moja kwa moja mpaka barazani, na hapo, juu ya ukuta mfupi, aliviona.

Vilikuwa vimepangwa kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa. Yungiyungi la Murera lilikuwa na chipukizi jipya. Ule wa nasari ulikuwa umechanua zambarau tupu. Gugu bubu lilikuwa limejaa ndoo nzima. Na mwisho wa mstari, kwenye ndoo kubwa kuliko zote, ulisimama ule mmea wa kuwasha, kichwa nusu juu ya udongo. Njia ya kutoka Kiganjo kwenda Ruiru kwa Gachanja haipiti Ngoingwa hata kidogo. Mtu alikuwa amezunguka kwa makusudi.

Waithira alitoka na birika. Wilkister alimngojea aliweke chini.

"Mama Ngigi, hapa hakuna kitunguu hata kimoja."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi hupika, Mama Mitchell. Nilivunja majani nikanusa. Huu mmoja una harufu, lakini niliuona mwenyewe nasari nikienda Ruiru kununua vitambaa."

"Sasa mbona hukumwambia?"

Waithira alimtazama kwa mshangao, bila ubaya wowote. "Kwani alikuwa ananiletea kitunguu?"

Wilkister alikuwa na majibu ya kila aina ya mjinga, lakini huyu hakuwa mjinga. Kwa hiyo alifanya alichojua. Alinyoosha kidole kwenye ndoo ya mwisho.

"Na huu? Huu pia ulinusa?"

"Huo hauna harufu. Niliuacha kwa sababu ni mrefu, unapendeza."

"Huo unaua. Kichwa chake kikiliwa, moyo unapunguza mwendo mpaka unasimama. Mbuzi wanakufa nao. Wajukuu wako wanacheza wapi Jumapili?"

Waithira alitazama baraza. Kulikuwa na gari la plastiki chini ya ndoo ileile. "Ngai!" alisema, akaligonga birika, nalo lingemwagika kama mama mmoja hangelishika.

Wote waliinuka. Kila mtu alikuwa na la kusema, mmoja akataka uchomwe, mwingine akataka mchungaji aitwe. Wilkister aliwatazama kwa dharau yake ya kawaida, na ilimpa nguvu, kama mtu aliyerudishiwa fimbo yake. Aliagiza mfuko wa plastiki na glavu za kuoshea vyombo. Aliung'oa mmea mwenyewe, akakusanya kila ganda lililoanguka, akamfundisha Waithira kuutambua: maua yanayopanda bua moja moja, kichwa kinachochungulia juu ya udongo, jani lisilo na harufu. Waithira alisikiliza kwa makini na akarudia yote bila kukosea. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Hilo lilimuudhi Wilkister kuliko yote.

"Asante sana, dadangu," Waithira alisema akimsindikiza langoni. "Mzee aliniambia wewe ni mkali lakini hukosei."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hajawahi kuona mtu anayejua kitu kama wewe. Alisema akikusikiliza anaona kama amefunguliwa dirisha, halafu ghafla dirisha linambana vidole."

Wilkister alibeba mfuko wake akaenda zake. Nyumbani alimsimulia Mitchell yote kwa kejeli, mapazia ya Waithira, ndoo za rangi, akina mama waliotaka kumwita mchungaji aje kuombea mmea. Mitchell hakucheka.

"Mum, ulikuwa unampenda?"

"Nimpende mtu anayeweka lenzi kwenye jicho alilofumba?"

Alikuwa akimenya njegere, na aliendelea kumenya hata baada ya njegere kuisha, maganda yakipita vidoleni matupu. Mitchell alichukua bakuli polepole akampelekea chai.

Harusini alikwenda. Asingekubali isemekane hakwenda. Aliketi na walimu wastaafu, akakosoa kachumbari iliyokatwa vipande vinene kama vya kulisha ng'ombe, akakosoa maua ya mezani, yote ya plastiki, akasema angalau haya hakuna atakayeyaita vitunguu. Gachanja alifika mezani kwao akiwa na suti mpya na jasho kwenye kipara.

"Mwalimu, hakuna ubaya kati yetu?"

"Ubaya wa nini? Umepata mtu anayeweza kukuvumilia. Mimi ningekumaliza kwa maneno kabla ya Krismasi."

"Hiyo ni kweli kabisa!" Gachanja alisema na kucheka kwa moyo wote, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda meza nyingine. Wilkister alibaki ameshika uma. Angalau angepinga kidogo, kwa adabu tu.

Mwezi wa pili wa ndoa ile, simu ya Wilkister ilianza kupokea picha. Zilitoka kwa Waithira. Ya kwanza ilikuwa mmea wa majani marefu kando ya mtaro, na chini yake maandishi: "Dadangu, mzee anasema hiki ni kitunguu mwitu. Ni kweli?" Wilkister aliandika kwamba mzee akiulizwa hata nguzo ya stima atasema ni kitunguu mwitu, kwamba hiyo ni nyasi, nyasi ya kawaida inayoliwa na punda, na kwamba punda hangekosea. Picha nyingine zilifuata: yungiyungi jingine, mkonge mchanga, na mara moja kitunguu halisi cha sokoni kilichoota kwenye kapu. Kila moja aliijibu, na kila jibu lilikuwa kali kuliko la kwanza.

Mitchell ndiye aliyegundua. Alikuwa amepeleka dawa ya presha Ngoingwa jioni moja baada ya kazi, akawakuta barazani. Waithira alikuwa na simu mkononi akisoma kwa sauti ya mwalimu, kidole juu, na Gachanja alikuwa ameinama kwenye kiti anashika mbavu, machozi yanamtoka. "Soma tena hapo kwa punda," alikuwa akisema. "Soma tena hapo."

"Mum, hawaulizi kitu," Mitchell alimwambia nyumbani. "Wanajua ni nyasi. Wanakutumia picha ndiyo uwatusi. Ndiyo burudani yao ya chai."

Wilkister alivua miwani. Uso wake uliwaka, na Mitchell alisubiri atamke neno litakalowamaliza watu wale wawili kabisa. Halikutamkwa. Mama alichukua miwani yake, akasema watu wasio na kazi wana shida, akaenda kulala mapema.

Alhamisi hiyo picha nyingine iliingia: fimbo ya muwa imesimamishwa kwenye ndoo, na nyuma yake kipara cha Gachanja, mwenyewe akidhani hayumo kwenye picha. "Dadangu, hiki je?"

Wilkister alivaa miwani. Alisogeza kiti karibu na dirisha penye mwanga. Aliandika mstari, akaufuta kwa sababu haukuwa na makali ya kutosha, akaanza upya.